Chenga

Daktari alifungua shajara yake, akasema Ijumaa.
Ijumaa ni nzuri, Jumatatu naanza likizo.
Ouko wangu akaitikia kwa kichwa: Ijumaa angekuwapo,
Jumapili basi la usiku lingemrudisha kazini Athi River.
Mama mkwe alishaongea na mwenye hema.
Kila mtu alikuwa na siku yake.
Mimi nilikuwa na tumbo, na vidole vya kuhesabia:
Ijumaa hiyo, wiki thelathini na saba na siku mbili.

Nikamkumbuka Anyango, kifungua mimba wangu.
Kwetu jina hufuata saa.
Jua likipanda ni Anyango, usiku ni Atieno,
mvua ikinyesha ni Akoth.
Lakini jua lile halikumwita mtu.
Alitolewa saa tatu unusu
kwa kuwa thieta ilikuwa na nafasi saa tatu unusu,
na kilio hakikuja.
Kilikuja kitu kingine, mguno,
kama mtu anayesukuma kabati peke yake chumba cha pili.
Mbavu zilizama kila pumzi.
Siku sita nilikamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki,
nikamtazama kupitia kioo, mrija puani,
na mshono ukinivuta nikikohoa.
Hakuna aliyekosea, waliniambia.
Wote waliniambia hivyo.

Sasa tazama, daktari, mimi ni mkulima wa Ahero.
Mpunga una siku zake za mwisho ambazo jicho halizioni.
Suke limeinama, ndege wameshajua,
mnunuzi ameegesha lori barabarani.
Bonyeza punje moja kwa ukucha:
bado maziwa.
Ukivuna leo utajaza magunia yale yale,
ila mashineni
zitatoka chenga.

Sikuyasema hivi. Nilisema tu,
"Naomba mbili."
"Mbili nini?"
"Wiki. Zipungue kidogo, sawa."
Sista Mmbone, aliyekuwa akinifungua mkanda wa presha,
hakuinua macho. "Mapafu humaliza mwisho," aliuambia mkanda,
"kama mpaka rangi."
Daktari alikaa kimya, kisha akafunua kurasa.
"Kovu ni kovu, mama. Uchungu ukianza kabla,
usingoje kupambazuke."
Akaandika: Jumatano, thelathini na tisa kamili, daktari mwingine.

Ouko akasafiri. Hema likaghairiwa.
Mama mkwe alinuna; chai yake ilinijia bila sukari.
Nililala ubavu wa kushoto, nikahesabu mateke,
nikaogopa kuwahi, nikaogopa kuchelewa,
hofu mbili kitanda kimoja, na mimi katikati.

Usiku wa kuamkia Jumanne, saa saba, maji yakalowesha mkeka.
Sikungoja kupambazuke.
Pikapu ya jirani, magunia ya vitunguu nyuma,
Kisumu ikatufungulia taa zake moja moja,
na kovu langu likinguruma kama mlango wa zamani.

Alilia kabla miguu haijatoka.
Alilia kwa hasira, kwa mapafu mawili mazima,
hata mwenye kushika taa akacheka.
Awuor, wa usiku uliovuka katikati.
Jina halikuwamo kwenye shajara ya mtu.

Sista Mmbone alimfunga leso akitikisa kichwa:
"Huyu amewapiga chenga wote."
Nilimpigia Ouko. Sikusema neno.
Niliiweka simu karibu na kile kinywa kidogo
na kumwacha asikilize mpaka salio likaisha.