Soksi za Jumatatu

Vuli imeingia Jumapili, saa kumi na mbili jioni,
nguo zote za shule zikiwa kambani.
Sikuangalia juu. Nilikuwa natafuta kifuniko cha chupa ya maziwa
alichokificha Semeni, na hasemi wapi,
maana Semeni, pamoja na jina lake, hasemi.
Ana miaka miwili na nusu. Ananyoosha kidole. Anatazama.
Bibi yake wa Kisarawe kasema tusimharakishe,
mtoto anayahesabu maneno kabla hajayatoa.
Mama yake kasema mwezi ukiisha tumpeleke kwa daktari.
Mimi nimewaitikia ndiyo wote wawili.

Tone la kwanza likapiga bati, ngo,
kama sarafu kwenye sufuria tupu.
La pili halikungoja.
"Baba, nguo!"
Huyo Chande, darasa la kwanza, mwenye mali.
Tukatoka mbio: mimi na beseni,
yeye na ndala ya mguu mmoja,
Semeni na kijiko.
Shati tuliliokoa. Kaptula, nusu.
Soksi zilikuwa zimekwisha kunywa mpaka visiginoni.

Tabata yote ikanukia vumbi lililosamehewa.
Mama Rehani wa chumba cha nyuma akatoa ndoo sita,
akazipanga chini ya michirizi, akasimama nazo
kana kwamba kuna mtu angempita foleni.
Umeme ukaaga.
Hapo ndipo nilipokumbuka pasi yetu ni ya umeme.

Mama yao yuko zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
anapokea watoto wa watu.
Mimi nimewasha jiko la mkaa kibarazani,
nimezitundika soksi kwenye mpini wa mwiko,
nazigeuza kama mtu anayechoma mahindi,
huku harufu ya dagaa wa mchana ikizipanda taratibu.

"Baba, vuli ni nini?"
"Ni mvua ndogo."
"Na kubwa?"
"Masika. Inakuja Machi."
Chande akafikiri, kidole puani.
"Kwa hiyo hii ni mtoto wake."
"Pengine."
"Ndiyo maana inalia bila sababu."

Kisha kumbikumbi.
Sijui hutokea wapi, ardhi hufunguka tu kama mfuko uliotoboka.
Wakaijaa kandili, wakaijaa shingo yangu,
wakavua mbawa zao sakafuni, wakaenda zao kwa miguu
kama watu walioshuka harusini na viatu mkononi.
Chande alikimbiza wenye mbawa.
Semeni alizichukua mbawa zenyewe,
moja, moja, moja,
akazilaza kwenye kijiko, asipumue.

Nikaminya soksi ya kushoto.
"Zimekauka hizi?" nikasema, simwambii mtu.
Semeni akaweka kijiko chini.
Akaja, akaishika soksi kwa vidole viwili,
akaisikiliza kama mganga,
akasema:
"Bado."

Wazi kabisa. B yake nzito, o yake duara.
Neno analolisikia humu ndani tangu Agosti:
mshahara bado, mvua bado, mama bado.
Chande akaacha mdomo wazi, kumbikumbi mmoja akaingia.

Simu ilikuwa na asilimia nne.
Nikamwandikia mama yao: *Semeni amesema.*
Jibu likaja saa nane usiku: *Weee! Amesema nini?*
*Bado,* nikaandika.
*Bado nini? Si umesema amesema?*
Hapo simu ikazima.

Alfajiri akaingia na viatu mkononi, macho mekundu,
hakunisalimu, akapitiliza hadi kitandani,
akapiga magoti na sare yake ya kazi, akamnong'oneza mtoto
jambo ambalo sikulisikia.
Semeni alikuwa amelala fofofo.

Chande ameondoka shuleni na soksi mbichi zenye moshi.
Mwalimu akiuliza, nimemwambia, sema ni vuli.
Mbawa bado ziko kwenye kijiko, juu ya kabati.
Kifuniko mpaka leo sijakiona.