Leseni ya Mbwa

Orofa ya chini, mahakama ya kaunti, Montana,
inanuka rangi mpya na karatasi kuukuu.
Karani, Bi. Verlene, ana miwani mbili:
moja puani, nyingine imesahaulika kichwani.
"Jina la unayemtafuta?"
Anselm Kovarik. Baba.
Alitoka kununua betri ya gari
wakati wa theluji ya mwaka sabini na moja.

Dola mbili kila nakala. Nikalipa.

Hati ya kiwanja, nyuma ya kiwanda cha shaba:
kumbe alikuwa maili arobaini tu.
Kodi ya ardhi: amelipa, amelipa, amechelewa, amelipa.
Faini, kwa kutozoa theluji mlangoni pake.
Cheti cha ndoa ya pili, hakuna.
Cheti cha kifo kipo, ila sababu imezibwa kwa wino.
"Hiyo ni ya jamaa wa karibu," akasema.
"Una uthibitisho?"
Nina pua yake. Pua haina muhuri.

Ndipo akaburuta sanduku
ambalo halijaulizwa na mtu tangu liwekwe:
leseni za mbwa.
Jike, kahawia, sikio moja limekatika.
Mwenye mbwa: Kovarik, A.
Jina la mbwa: Thea.

Thea ni mimi.

Verlene akaitazama fomu yangu, akaitazama leseni,
akavua miwani zote mbili.
Miaka kumi na mmoja mfululizo
alisimama kwenye dirisha lile lile, akatoa senti hamsini,
akaandika jina langu kwa herufi kubwa
ili serikali ijue naishi kwake.

Nakala hiyo hakunitoza.