Mdogo Aliyekaa Begani

Umeme ulikatika Uru kabla ugali haujaiva,
na Anaeli akasema hesabu hazingoji umeme.
Tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai, tochi ikawaka.
Swali la nne. Ipi kubwa:
9 × 10² au 1.2 × 10⁵?
Akajibu kama anayefukuza nzi:
Tisa, shangazi. Tisa ni tisa.

Tisa ana kifua tu, nikamwambia.
Usimwangalie anayetangulia njiani,
mwangalie yule mdogo aliyekaa begani mwa kumi,
ndiye anayeona mbali.
Mia tisa haikununulii daftari kubwa.
Laki na ishirini ni sare, viatu, begi,
na chenji ya kugombania.

Akafuta. Kifutio kikaacha wingu jeusi kwenye karatasi.
Na vitu vidogo vidogo, je?

Nikamweleza kutu ya majani.
Chembe yake moja: 3 × 10⁻⁵ ya mita.
Mdogo wa begani hapo ameangalia nyuma,
anahesabu kushuka.
Mlima huo nje ya dirisha, ambao usiku huu hatuuoni,
ni 5.895 × 10³.
Weka mlima juu, chembe chini, gawanya:
tatu toa hasi tano.
Akahesabu kwa vidole, vikabaki viwili.
Nane!
Nane, ndiyo. Chembe milioni mia mbili kusimama wima
ndipo zifike kwenye barafu.

Sikumwambia kwamba hazikuhitaji kufika huko.
Ziliishia kwenye kihamba chetu, zikatosha.
Babu yake Ndetaramo alikuwa na mibuni 1.4 × 10³,
alijua upi una shina bovu na upi wa mahari ya nani.
Alinyunyiza mrututu mpaka kucha zikawa buluu,
alikopa chamani, akanyunyiza tena.
Majani yakageuka rangi ya chungwa upande wa chini,
upande ambao mtu haangalii
mpaka ainame.

Mingapi imebaki? Anaeli akauliza.
Sita.
Iandike sita kwa mtindo huo huo.
(Alikuwa ananipima. Mwalimu Mkunde amewafundisha hili, nilijua.)
6 × 10⁰, nikaandika.
Kumi na sifuri begani?
Begani hakuna mtu. Kumi asiyebeba mtu
anakuwa moja.

Akanyamaza. Baba yake aliondoka kwenda Mererani
alipokuwa bado anabebwa begani,
akishika masikio yake kama usukani.
Nikatamani ningechagua mfano mwingine.
Nilikuwa na mifano: mchwa, mabati, chumvi,
matone ya mfongo.

Shangazi, akasema, lakini moja si sifuri.
Sio.
Basi sita ni sita kweli.
Akapiga mstari chini ya jibu, mstari umepinda,
akaomba ugali.