Droo ya Tatu

Nilimjua kwa mwandiko kabla ya sura:
herufi zimesimama wima kama askari wa zamu,
karatasi ya mistari, kalamu ya bluu,
na juu, pembeni: "Nakala arobaini. Nitalipa mwisho wa mwezi."
Mimi nina mashine moja ya kudurufu, Buguruni,
wino unavuja, umeme wa kubahatisha.
Bi Mwanahawa Luambano alikuwa na mambo ya kusema.

Karani wa mahakama, miaka ishirini na saba.
Kazi yake ilikuwa kumpa shahidi kitabu.
Droo ya kwanza, Msahafu, umevikwa kitambaa cha kijani.
Droo ya pili, Biblia, jalada limeliwa na jasho la viganja
vya waliokuja kusema kweli na waliokuja kusema uongo.
"Dini yako?" anauliza, na mkono tayari uko njiani.

Siku hiyo akapanda kizimbani fundi viatu wa Tandika, Chilewa,
akasema, "Sina."
Mkono wa karani ukabaki hewani.
Hakimu, bila kuinua macho: "Andika mpagani."
Akaandika.
Akavuta droo ya tatu, asijue anatafuta nini:
pini, muhuri uliokauka, maganda ya karanga.
Chilewa alisema kweli siku ile, kiatu kwa kiatu, tarehe kwa tarehe,
na wakili akamuuliza mara tatu
tumwamini kwa lipi.

"Ndipo nilipoanza," aliniambia, akihesabu nakala kwa kidole kilicholowa mate.
"Watu wanadhani nina ugomvi na Mungu.
Nina ugomvi na droo."

Mama yake Mzaramo wa Kisarawe, baba Mngoni wa Peramiho;
amekua akila pilau ya sikukuu zote
na kusutwa na pande zote.

Aliandikia wizara, aliandikia manispaa,
alimwandikia mwalimu mkuu aliyemchapa mtoto
kwa kutochagua kipindi cha dini.
Aliandika kuhusu bomba la mtaani, maji ya kodi,
ambalo diwani alilifungua na kulifunga kwa ratiba ya ibada yake.
Walokole wakasema, katumwa na Waislamu.
Waislamu wakasema, katumwa na kanisa.
Diwani akasema, katumwa na wazungu.
Yeye akasema, "Nimetumwa na ndoo."

Na walipokuja kutufungia kanisa letu la mabati,
kisa mapambio, kisa hatuna mkubwa wa kutusemea,
nani alikaa dukani kwangu hadi saa nne usiku akitutetea kwa bluu?
Alisema kwaya yetu inaimba vibaya sana,
ila kuimba vibaya si kosa la jinai.

Barua mia mbili na kumi.
Majibu sita.
Manne kati yake yalisema barua yako imepokelewa.
Mtoto alirudi darasani. Bomba lilifunguliwa,
kisha wakaiba koki.

Akafa Machi, Amana, mvua ikipiga bati.
Fomu ikauliza dini.
Wajomba wakataka sanda, baba wadogo wakataka jeneza na kwaya,
wakarushiana maneno mlangoni mwa chumba cha maiti
hadi nikatoa karatasi niliyomchapia mwenyewe, nakala moja tu:
"Nizikeni penye nafasi.
Anayetaka kuomba, aombe.
Asiyetaka, asitazamwe vibaya."

Mimi niliomba. Kimoyomoyo, maana angecheka.

Daftari la madeni linasema elfu kumi na nane na mia tano.
Sijapiga mstari.
Ndani yake nimeweka barua ya mia mbili na kumi na moja,
kwa Mkurugenzi wa Manispaa, haina tarehe,
imekatikia katikati ya neno:
"Sisi wakazi, wenye dini na wasio nayo, tunaomb"

na mimi, kila nikiwasha mashine, nalitazama lile neno,
sijui alitaka kuandika tunaomba
au tunaombwa.