Namba Hamsini

Ofisi ya wapima ardhi, Kutaisi, ghorofa ya pili.
Mvua ya Novemba. Lifti imekufa tangu enzi za mkurugenzi aliyepita.
Nimepanda ngazi na begi la kebo begani,
na Bi Tsiala amenipokea kwa swali badala ya salamu:
"Kifaa kimoja, watu watano. Kwa nini kinamsikiliza mmoja?"

Nacho kipo pale, kando ya dirisha,
kijivu, kizito, kimenuna kama mkwe aliyenyimwa kiti,
taa yake ya njano ikipepesa.

Nikaanza na anwani.
Kisicho na makazi hutafutwa upya kila kukicha:
jana kilikuwa kumi na nne, leo ishirini na saba,
kesho ruta ingekitupa kwingine.
Nikakifunga kwenye hamsini.
Kaa hapo, nikakiambia. Usihame.

Kompyuta ya Tsiala ni ya Windows. Ikaomba ruhusa,
ikaomba tena, ikauliza kama nina hakika
na ruhusa niliyokwisha kuitoa,
kisha ikachapa ukurasa wa majaribio kwa maringo.

Mac ya Gvantsa, mchora ramani, haikuuliza kitu.
Ilikiona kifaa kabla yangu, ikakipa jina zuri, ikanyamaza;
ila karatasi ilipangwa kwa kipimo cha Wamarekani,
na shamba la mtu likakatwa ukingo, karibu sentimita mbili.
"Sentimita mbili kwenye ramani," akasema Gvantsa,
"huku kwetu ndugu wameacha kusalimiana kwa pungufu ya hapo."

Na Linux ya Leri, anayejiita fundi,
ilichapa Kijojia chote kuwa visanduku vitupu,
mstari baada ya mstari wa visanduku,
ungedhani barua ya mtu anayefunga mizigo ahame.
"Mganga hajigangi," Tsiala akacheka.
Kiendeshi kilizijua herufi za Kirumi,
hakikuzijua hizi, zilizojipinda kama vikonyo vya mzabibu.
Nikatafuta kingine. Kikagoma.
Cha tatu kikachapa, lakini juu chini.
Chai yangu ikapoa.
Cha nne, saa saba kasoro, kikaandika jina la Leri
sawasawa, nukta kwa nukta,
naye akalikunja akalitia mfukoni, kama hati ya kiwanja.

Watu husema mashine ni mashine.
Nimeketi chini ya meza nyingi, nazijua.
Hazigombani kwa ubaya:
kila moja imelelewa na adabu zake,
na mimi kazi yangu ni ushenga.

Mkuu alikuwa safarini na kompyuta yake ya mkononi;
hiyo niliiwekea maelezo kwenye kikaratasi.
Ikabaki moja, pembeni, imefunikwa kitambaa.
"Na hiyo?"
"Ya Zauri," akasema Tsiala.
Hakuna aliyeongeza neno.
Nikaifunua, maana orodha yangu ilisema tano.
Vumbi. Foleni. Kazi moja, imesimama tangu Septemba,
ikisubiri mlangoni pa namba
ambayo printa ilikwisha kuihama.

Nikaandika hamsini. Nikabonyeza endelea.

Kifaa kikavuta pumzi, kikapasha moto,
kikatoa ukurasa mmoja:
ombi la likizo, siku nne,
sababu: kumsaidia mama kuvuna zabibu, Vani.
Chini, mstari mtupu wa sahihi ya idhini.

Tsiala akaichukua ingali na joto.
Akatafuta kalamu kwenye droo, akaikosa, akachukua yangu.
Akasaini kwa niaba ya mkuu.
Akaweka tarehe ya leo.

Mvua haikuwa na habari.
Gvantsa akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama sasa inaweza kuchapa pande mbili.
Nikasema inaweza.
Nikamwonyesha pa kubonyeza.