Dirisha Lisilo Ramanini

Nimekuja Molo na futi kamba, penseli mbili,
na nakala ya ramani iliyochorwa Uskoti
mwaka ambao nyanya yangu alikuwa hajaota meno.
Bi Tabutany ananifungulia. Ufunguo wake
ni mrefu kama mwiko wa ugali, na kufuli
lataka kubembelezwa. "Kama ng'ombe mgeni," asema,
"usimshike chuchu kabla hajakunusa."

Ndani, baridi. Harufu ya mierezi, nta, mavi ya popo.
Naanza kupima.

Kuta: futi mbili na nusu, jiwe la kijivu la Njoro,
nene, ili kuizuia dhoruba ya bahari
ambayo iko mbali na hapa safari ya majuma.
Paa: mwinamo mkali, mkali mno,
ili theluji iteleze.
Theluji!
Miaka tisini na sita paa hili limesimama dede
likimngoja mgeni asiyejua njia.
Badala yake huja mvua ya mawe,
hubisha mabati kama mdai,
hulaza pareto yote shambani, ikaenda zake.

Madirisha: matano, yote kusini,
marefu, yamechongoka kama mbegu za boga zilizosimamishwa.
Maana jua, kule alikokaa mchoraji,
halitoki kusini mwaka mzima,
kama paka na kizingiti chake.
Nani angemwambia kwamba hapa, jirani na Ikweta,
jua lina nyumba mbili?
Tangu Aprili hadi Septemba huhamia kwa mke wa kaskazini,
na kaskazini palichorwa ukuta mtupu.
Hata ile saa ya jua iliyochongwa juu ya mlango
nusu mwaka husema,
nusu mwaka hununa.

Kitabu cha kanisa hukaa ndani ya kopo la biskuti.
Kinamtaja aliyetoa kengele, aliyetoa birika la ubatizo,
bibi aliyetoa zulia, na mbwa wa bibi huyo.
Kinataja *vibarua, arobaini na wawili*,
na magunia ya unga waliyokula.
Kisha jina moja, moja tu, kwa wino uliopauka,
kwa sababu mwenyewe alikatwa mshahara:
Lugalia, mwashi, wa Maragoli. Shilingi sita.
Kosa halikuandikwa.

Nalipata saa nane mchana,
nyuma kabisa, juu ya mabenchi yasiyo na egemeo
walimokaa wapishi na wachunga ng'ombe:
uwazi katika ukuta wa kaskazini,
upana wa shubiri mbili,
kingo zimechongwa na mkono usio na haraka,
kizingiti kimeinamishwa ndani ili mwanga uteremke.
Ramanini halimo. Nimeigeuza karatasi mara tatu.

Ni Julai. Jua liko kwa mke wa pili.
Mimbari giza, viti vyenye majina ya shaba giza,
ila huku nyuma, kwenye ubao
uliolainishwa na makalio ya watu wasiotajwa,
mwanga umekaa
kama mtu aliyewahi nafasi.

Sijui kama Lugalia alilitoboa kwa ajili yao.
Pengine jiwe lilimpasukia, akaona aibu kuziba.
Pengine alichoka kuona kazi yake gizani.
Fomu ya serikali ina safu iitwayo *Kasoro*.
Naandika: misumari ya paa imelegea.
Naandika: mnara, ufa wa vidole viwili.
Nafika kwenye dirisha
na penseli inakataa.

"Shilingi sita," asema Bi Tabutany,
"siku hizo ni mbuzi, na chenji ya chumvi."
Anaisukuma ndoo kwa mguu hadi chini ya tundu la paa,
mahali pake pa kawaida, sakafu ina duara la kutu.
Nje kumeanza kunguruma.
"Sogea hapo, fundi. Utalowa."