Hodi Tatu

Mimi ndimi niliyewazimia taa.
Lawama nileteeni mimi, Mgeni binti Shaame,
zamu ya usiku, kituo kidogo cha Wete:
kiti kimoja, birika moja, daftari la hitilafu
lenye kurasa zilizovimba kwa unyevu wa masika.

Saa nane na dakika kumi na moja, laini ya Konde.
Sindano ya ampea iliruka kama mtu aliyechomwa na mwiba,
swichi ikafunguka, ta!
Giza kutoka Kinyasini mpaka Tumbe.

Mashine ile tuliyoipandisha juu ya nguzo
ina adabu za watu wa kwetu.
Hubisha mara ya kwanza: hodi.
Husubiri. Pengine ni kuti limepita likagusa,
pengine popo, maskini, na safari zake.
Hubisha tena: hodi.
Taa za Konde zikapepesa, zikafa.
Ya tatu, kwa sauti ile ile: hodi.
Mtu asipojibiwa mara tatu havunji mlango.
Hurudi kwao.

Simu ndiyo haikunyamaza.
Kombo wa barafu: "Washa! Ngisi wangu wanaoza!"
Kombo huyu huyu, mwezi wa Shaaban,
nilimkuta ametia msumari wa inchi nne mahali pa fyuzi.
"Fyuzi kila siku inakatika," akasema, "msumari haukatiki."
Ndiyo maana, Kombo. Ndiyo maana hasa.
Kile kiuzi chembamba kama unywele wa mtoto
kazi yake ni kufa mapema, peke yake.
Msumari wako hodari
utasimama wima mpaka paa liteketee.

Tumewapanga hivyo: aliye karibu na kosa akatike kwanza,
nyumba kabla ya mtaa, Konde kabla ya Wete,
Wete kabla ya kisiwa kizima.
Nusu sekunde baina yao. Nusu hiyo niliipima
mwezi mzima, usiku baada ya usiku,
hata mume wangu akadhani nina mwingine.

"Washa, binti Shaame!"
Kidole kilikuwa juu ya kifungo.
Mara ya nne ingekuwa yangu, si ya mashine.
Nikakiondoa, nikashika birika.

Kulipopambazuka tulifuata laini, mimi na Makame Vuai,
nguzo kwa nguzo. Ya mia na kumi na nne, njia ya chuo:
tawi la mfenesi limelala, na waya chini yake
umejikunja ndani ya dimbwi.
Pembeni ya maji, kandambili moja ya bluu. Ya mtoto.

Sikumbuki nilivyokaa matopeni.
Akaja mwenyewe, akirukaruka kwa mguu mmoja, juzuu kifuani.
"Bi mkubwa, usikikalie kiatu changu.
Nilijikwaa hapa gizani. Huu waya umenikwaruza."
Akanionesha ugoko.
Mkwaruzo. Mkwaruzo tu.

Saa nne Konde ikapata taa.
Saa nne na robo Kombo akapiga:
ngisi kilo thelathini, nani atamlipa?
Nikaandika daftarini: tawi, nguzo 114, hodi tatu.
Halafu, kwa kuwa hakuna safu ya mambo kama hayo,
pembezoni: ugoko, wa kushoto.